Kukomaza Gouda: kinachobadilika ndani ya jibini tangu maji ya chumvi hadi mwaka mmoja na nusu

Gouda iliyotoka leo kwenye maji ya chumvi hupinda ukiibonyeza, ina ladha ya maziwa na uchachu kidogo, na ukiikata kisu hunata. Ile ya miezi 12 huvunjika vipande kama jiwe la chokaa, ina utamu mzito wa nyama iliyochomwa, na ndani yake kuna chembe nyeupe zinazosagika menoni. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu kilichoongezwa. Maji yamepungua, chumvi imesambaa na protini imekatwakatwa.

Tumechukua Gouda kwa sababu, ingawa asili yake ni Uholanzi, ndilo jibini ambalo watengenezaji wengi wa nyanda zetu za juu wanalijua kwa mikono. Kenya linatengenezwa, Rwanda linatengenezwa, na lile linalouzwa Goma likitoka milima ya Masisi ni la ukoo huohuo. Hesabu zote hapa ni za jibini moja la kilo 4, linalotokana na lita 40 hivi za maziwa ya ng'ombe.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Jibini linaamuliwa katika saa 48 za kwanza: maji yaliyobaki ndani, uchachu uliofikiwa, chumvi iliyoingia, na reneti (kimeng'enya cha kugandishia maziwa) iliyonaswa kwenye mgando. Chumba cha kukomazia kinaweza kulitimiza jibini zuri au kuliharibu. Jibini lililokosewa kwenye sufuria hakiwezi kulirekebisha.

Kabla ya chumba: mambo manne ya kupima

Maziwa yachemshwe kwa kiasi, yaani 63°C kwa dakika 30 au 72°C kwa sekunde 15. Brusela bado ni ugonjwa wa kweli kwenye mifugo yetu, na kukomaza si dawa yake. Nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, zinaruhusu jibini la maziwa mabichi likishakaa angalau siku 60, lakini siku hizo pekee haziondoi haja ya maziwa kutoka kwenye kundi lililopimwa. Baada ya kupasha, maziwa hupoteza kalsiamu inayoshika mgando, hivyo ongeza gramu 0.2 za kalsiamu kloridi kwa kila lita.

Gandisha kwa 30 hadi 31°C, kata mgando, koroga, kisha fanya kile kinachoitofautisha Gouda na jibini nyingine: toa theluthi moja hivi ya maji ya maziwa, na badala yake mimina maji ya moto polepole hadi joto lifike 36 au 37°C. Maji hayo husafisha laktosi, yaani sukari ya maziwa. Sukari ikipungua, bakteria wa kuchachusha wanakosa chakula mapema na uchachu unasimama mahali pake. Ndiyo maana Gouda haiwi chachu kama Cheddar, ambayo mgando wake hauoshwi.

Asubuhi baada ya kukandamiza, pima haya manne na uyaandike:

Uzito. Lipime kwenye mzani unaoonyesha tofauti ya gramu 5 au chini yake.

pH, yaani kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi. Lengo ni 5.1 hadi 5.3. Ikishuka chini ya 5.0, kalsiamu iliyounganisha kaseini (protini kuu ya maziwa) imeyeyuka kupita kiasi, na jibini litakuwa la chengachenga tangu ujana wake, halitapinda kamwe. Ikibaki juu ya 5.4 siku ya pili, bado kuna sukari ndani, na sukari hiyo italiwa na bakteria usiowachagua wewe.

Umbo. Kingo ziwe zimefunga, bila nyufa za kuingizia ukungu.

Sauti. Gonga kwa kifundo cha kidole: mlio uwe mmoja, mzito, pande zote.

Reneti haipimiki kirahisi, lakini ikumbuke. Sehemu ndogo tu ya uliyotia hubaki kwenye mgando, nyingine hutoka na maji. Hiyo ndogo itafanya kazi mwaka mzima. Ukiongeza reneti ili mgando ushike haraka, unalipa baadaye kwa uchungu.

Maji ya chumvi

Changanya kilo 2.5 za chumvi isiyo na madini joto katika lita 10 za maji yaliyochemshwa. Hiyo ni 20%. Tia gramu 20 hadi 30 za kalsiamu kloridi, kisha siki kidogo kidogo hadi pH ilingane na ya jibini, yaani karibu 5.2. Watu wengi huruka hatua hizi mbili, halafu wanashangaa jibini linatoka na ngozi laini yenye ute. Maji yasiyo na kalsiamu huinyonya kalsiamu kutoka kwenye ganda, na ganda lililopoteza kalsiamu huyeyuka juujuu.

Joto la maji liwe 12 hadi 14°C. Muda ni saa 7 hadi 8 kwa kila kilo, kwa hiyo jibini letu linakaa saa 28 hadi 32. Ligeuze katikati ya safari na nyunyiza chumvi kavu upande unaoelea juu ya maji.

Hapa mabadiliko ya kwanza makubwa yanatokea. Chumvi inaingia, maji yanatoka, na hayatoki sawa kwa sawa: kila gramu moja ya chumvi inayoingia hufukuza takriban gramu mbili za maji. Kwa hiyo jibini hutoka likiwa jepesi kuliko lilivyoingia. Likitoka na uzito uleule au zaidi, maji yako ya chumvi yamepungua nguvu, pima kwa kipima uzito wa maji (20% husoma karibu 1.15) na uongeze chumvi.

Muundo wa siku ya kwanza, na hesabu inayotuongoza mwaka mzima

Baada ya chumvi, jibini letu la kilo 4 lina takriban haya:

Maji 41%, yaani gramu 1,640
Mafuta 30%, gramu 1,200
Protini 24%, gramu 960
Chumvi 2%, gramu 80
Vingine 3%, gramu 120, hasa laktati (chumvi ya asidi ya laktiki) na madini

Laktosi haimo kwenye orodha, na si kwa kusahau. Maziwa yana 4.7% hivi ya laktosi. Nyingi hutoka na maji ya maziwa, na iliyobaki huliwa na bakteria ndani ya siku moja na kugeuzwa asidi ya laktiki. Mtu ambaye tumbo lake halivumilii maziwa kwa kawaida anaweza kula Gouda iliyokomaa bila shida, na sababu ni hiyo.

Sasa tuseme baada ya miezi kadhaa mzani unasoma kilo 3.5. Gramu 500 zimeondoka, na karibu zote ni maji, kwa sababu mafuta, protini na chumvi havina njia ya kutoka kupitia ganda. Fanya hesabu upya:

Maji 1,140 kati ya 3,500, sawa na 32.6%
Mafuta 1,200 kati ya 3,500, sawa na 34.3%
Protini 27.4%
Chumvi 2.3%

Mafuta hayakuongezeka hata gramu moja, ingawa lebo itasema 34 badala ya 30. Kwa sababu hiyo Waholanzi huandika mafuta ndani ya vitu vikavu: siku ya kwanza ni 1,200 kati ya 2,360, yaani 50.8%, na miezi kadhaa baadaye ni 50.8% vilevile. Ile alama ya 48+ unayoiona kwenye Gouda inahusu kipimo hicho. Anayelinganisha jibini changa na kongwe kwa asilimia ya mafuta ya jumla analinganisha maji tu.

Chumvi nayo ina kipimo chake cha kweli, kwani inaishi ndani ya maji. Gramu 80 ndani ya maji 1,640 ni 4.9%. Gramu hizohizo 80 ndani ya 1,140 ni 7.0%. Bakteria aliyemo ndani anakutana na maji yenye chumvi karibu mara moja na nusu ya yale ya mwanzo, na wengi hawawezi kukua humo. Hiki ndicho kinacholifanya jibini kongwe lihifadhike.

Ugumu pia una namba. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, hupanga jibini kwa maji yaliyomo ukishaondoa mafuta. Siku ya kwanza: 1,640 kati ya 2,800, sawa na 58.6%, daraja la jibini la ugumu wa kati. Likifika kilo 3.5: 1,140 kati ya 2,300, sawa na 49.6%, jibini gumu kabisa. Gouda haizaliwi jibini gumu. Chumba ndicho kinachoipa jina hilo.

Chumba

Joto 12 hadi 14°C, unyevu wa hewa 82 hadi 87%. Nyanda za juu usiku hufika joto hilo zenyewe, mchana hapana, kwa hiyo ukuta mnene, sakafu ya saruji inayomwagiwa maji, na mlango unaofunguliwa alfajiri tu vinasaidia. Pwani bila mashine ya baridi haiwezekani, usijaribu. Jibini likipita 20°C hutoa jasho la mafuta, na mafuta yakishatoka juu ya ganda huchacha na kuharibu harufu ya chumba kizima.

Rafu ziwe za mbao ngumu isiyo na utomvu, zilizosuguliwa kwa brashi na kukaushwa juani. Ubao hunyonya unyevu wa upande wa chini. Chuma na plastiki haviwezi, na huacha duara la ute.

Weka kipima unyevu katikati ya chumba na kingine kwenye kona yenye upepo mdogo. Tofauti ya 5% kati ya hivyo viwili hutosha kuleta jibini la aina mbili kwenye chumba kimoja.

Wiki mbili za kwanza: ganda

Geuza kila siku. Si desturi tu: ukiliacha siku tatu bila kugeuza, maji hushuka, upande wa chini unalainika na wa juu unapasuka. Kausha juu siku mbili hadi tatu, halafu paka koti la plastiki ya jibini, ile rojo nyeupe au ya njano inayopakwa kwa sifongo. Paka upande wa juu na mbavu, acha likauke, kesho geuza na upake upande wa pili. Rudia hadi tabaka tatu. Koti hilo linapitisha hewa, maji yanaendelea kutoka polepole.

Nta ni habari nyingine. Nta hufunga kabisa. Ukilifunika jibini kwa nta wiki ya pili, maji yake yatabaki 41% na litakomaa kwa ladha bila kuwa gumu. Mfuko wa plastiki uliotolewa hewa hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu hii Gouda mbili za miezi 8, moja ya koti na moja ya mfuko, zina umri mmoja lakini muundo tofauti kabisa. Ukitaka nta, subiri hadi mzani uonyeshe maji uliyoyakusudia.

Asiyetaka plastiki anaweza kuacha ganda la asili: kila baada ya siku mbili, pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi 5%, kisha paka mafuta kidogo ya kula. Ni kazi zaidi, na utapoteza maji haraka zaidi.

Ndani, wakati huo, chumvi iko pembeni tu. Chini ya ganda ni nyingi, katikati karibu hakuna. Inasafiri polepole kuelekea ndani: jibini la kilo 4 linahitaji wiki kadhaa, la kilo 12 kama miezi miwili, hadi ladha ya katikati ilingane na ya pembeni. Kukata na kuuza jibini la siku 10 ni kumpa mnunuzi kipande chenye chumvi upande mmoja na kisicho na chumvi upande wa pili.

Wiki ya 2 hadi ya 6: macho na kulainika

Bakteria wa kuchachusha Gouda ni mchanganyiko. Wengine hula laktosi, na wachache kati yao hula sitrati ya maziwa na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi pamoja na harufu ya siagi. Hewa hiyo ndiyo inayofanya matundu, yaani macho. Yawe machache, ya mviringo, makubwa kama punje ya njegere. Matundu madogo mengi yaliyochanika, yanayotokea ndani ya siku mbili za kwanza, yana maana nyingine: uchafu wa kinyesi umeingia kwenye maziwa. Jibini hilo halifai kukomazwa, na chanzo chake kitafutwe kwenye kukamua.

Wakati macho yanafunguka, reneti inaanza kazi yake ya pili. Mwanzoni iligandisha maziwa kwa kukata kaseini ya aina moja mahali pamoja. Sasa inashika kaseini kuu, alfa-es-wani, na kuikata karibu na mwanzo wake. Mkato huo mmoja unatosha kulegeza wavu wote. Jibini lililokuwa kama mpira linakuwa laini na kuyeyuka mdomoni. Ukitoa sampuli ya wiki ya 1 na ya wiki ya 5 na kuzikanda kwa vidole, ya kwanza inarudi kwenye umbo lake, ya pili inabaki ilivyokandwa na kuwa kama uji mzito. Tofauti hiyo unaihisi kabla ya ladha kubadilika.

Baada ya wiki ya 2, geuza mara mbili kwa wiki. Baada ya mwezi wa 2, mara moja kwa wiki. Kila ukigeuza, panguza rafu, na kila baada ya wiki mbili pima uzito.

Mwezi wa 2 hadi wa 6: ladha inajengwa

Vipande vikubwa vilivyokatwa na reneti na plasmini, kimeng'enya cha maziwa yenyewe, havina ladha nzuri. Vingi ni vichungu. Bakteria wa kuchachusha, ambao sasa wanakufa na kupasuka, wanamwaga vimeng'enya vyao ndani ya jibini, na hivyo ndivyo vinavyokata peptidi chungu, yaani vipande hivyo vya protini, kuwa asidi amino. Miongoni mwake kuna glutamiki, inayoleta utamu ule wa mchuzi.

Uchungu wa Gouda basi ni mbio kati ya wawili: wanaozalisha peptidi chungu na wanaozimaliza. Mambo yanayozidisha uchungu ni haya: reneti nyingi, chumvi chini ya 1.5%, bakteria wachache au dhaifu, na maji mengi. Jibini chungu la miezi 2 huenda likapona likifika miezi 6, kama bakteria wake walikuwa wazima. Likibaki chungu hadi hapo, rekebisha kundi lijalo kwa kupunguza reneti robo na kuongeza saa chache za chumvi.

Mafuta hubadilika kidogo tu. Katika maziwa yaliyopashwa joto, kimeng'enya kinachovunja mafuta kimekufa, hivyo harufu kali ya asidi za mafuta ni ndogo. Harufu ya sabuni au ya matapishi kwenye jibini changa inaonyesha maziwa yaliyopigwapigwa sana kwa pampu au kukaa muda mrefu kabla ya kupashwa.

pH nayo inaanza kupanda, jambo linalowashangaza wengi. Kutoka 5.2 hupanda taratibu kuelekea 5.5 na zaidi, kwa kuwa asidi amino zinavunjwa na kutoa amonia kidogo. Ndiyo maana jibini kongwe halionji uchachu kama changa, ingawa laktati bado imo.

Huu pia ndio wakati wa hatari kubwa kuliko zote: kuvimba kwa kuchelewa. Jibini lililokuwa zuri linaanza kuinuka mgongoni, linagongwa na kulia kama ngoma, na likikatwa lina mapango na nyufa pamoja na harufu ya asidi ya butiriki. Mhusika ni bakteria aitwaye Clostridium tyrobutyricum. Mbegu zake huvumilia joto la 72°C, hula laktati, na hutoa hidrojeni. Chanzo chake cha kawaida ni saileji (majani ya mifugo yaliyovundikwa) iliyooza, ikapita kwenye kinyesi na kuingia kwenye maziwa. Watengenezaji wa Parmigiano Reggiano huko Italia waliamua suala hili kwa kukataza saileji kabisa. Uholanzi hutumia mashine zinazozungusha maziwa kwa kasi ili kutoa mbegu hizo, na nitrati kwa kiwango kinachodhibitiwa. Kwenye Umoja wa Ulaya kikomo chake kimewekwa kisheria, na huhesabiwa kwa miligramu. Bila mzani wa kupima miligramu, usiguse nitrati. Ng'ombe wa nyasi na majani makavu na chuchu zilizooshwa na kukaushwa vinafanya kazi kubwa kuliko poda yoyote. Chumvi iliyosambaa vizuri inasaidia pia: kuvimba huanzia katikati, ambako chumvi hufika mwisho.

Mwezi wa 6 hadi wa 18: kukauka na fuwele

Kuanzia hapa kasi ya kupoteza maji hushuka, kwa kuwa ganda limekuwa nene na chumvi iliyojikusanya inayashika maji yaliyobaki. Kuna jambo lisiloonekana kwenye mzani: kila kifungo cha protini kinapokatwa, molekuli moja ya maji hutumika. Maji hayo hayajatoka nje, yamefungwa ndani ya vipande vya protini. Kwa hiyo jibini la mwaka mmoja huonekana kavu kuliko hesabu ya uzito inavyosema, na hata lililofungwa kwa mfuko hukauka kidogo mdomoni.

Chembe nyeupe zinatokea. Nyingi za ndani ya macho na mwilini ni tirosini, asidi amino isiyoyeyuka vizuri majini: inapozidi, hujitenga kuwa fuwele ngumu. Nyingine ni laktati ya kalsiamu. Mnunuzi huzidhania ukungu au chumvi iliyoganda, basi mwambie kabla hajauliza. Ukungu hufutika kwa kidole na una manyoya. Fuwele hukwaruza.

Rangi inazidi kuwa ya kahawia ya dhahabu, kwa sehemu kwa sababu rangi ileile ya maziwa sasa imo kwenye ujazo mdogo wa jibini. Mng'ao wa ndani, ukilikata, hupotea: uso unakuwa mkavu na wenye mistari ya kuvunjika.

Angalia utitiri. Vumbi la kahawia linalojikusanya chini ya jibini, lenye harufu kidogo ya mnanaa, ni wadudu hai. Toa jibini zote, piga brashi, paka mafuta au koti upya, na osha mbao kwa maji yanayochemka.

Waholanzi wana majina ya umri yanayosaidia kupanga mauzo: jong ni wiki 4, jong belegen wiki 8 hadi 10, belegen wiki 16 hadi 18, extra belegen miezi 7 hadi 8, oud miezi 10 hadi 12, overjarig miezi 18 na kuendelea. Jibini la kilo 4 halifai kulazimishwa hadi overjarig. Eneo lake la nje ni kubwa mno kulinganisha na uzito, nalo hukauka hadi ganda linakula robo yake. Kwa miezi 18 tengeneza la kilo 8 au 12. La kilo 4 lina raha yake kati ya miezi 4 na 10.

Kuchukua sampuli na kupima maji

Chukua bomba la sampuli, lifute kwa spiriti. Lisukume kati ya ukingo na kitovu, sawasawa katikati ya njia, hadi nusu ya kina. Zungusha mara moja kamili, vuta taratibu. Nusa kabla ya kuonja, kwa kuwa harufu huondoka haraka. Tazama macho, pinda kipande hadi kivunjike na uangalie kimevunjikaje, kisha onja sehemu ya ndani. Rudisha sentimita mbili za upande wa ganda kama kizibo, na ziba mwanya kwa jibini laini ulilolikanda kwa vidole, halafu koti. Tundu lililoachwa wazi huzaa ukungu wa buluu ndani ya siku tano.

Kwa maji, kuna njia isiyohitaji maabara. Kuna jiko la oveni na mzani wa gramu 0.01? Kwaruza gramu 10.00 za jibini kutoka ndani, tandaza kwenye kisahani cha chuma ulichokipima, weka kwa 102 hadi 105°C kwa saa tatu, poza kwenye chombo kilichofungwa, pima. Rudisha nusu saa, pima tena, hadi uzito usishuke. Ikibaki gramu 6.74, maji yalikuwa 32.6%. Linganisha na hesabu ya uzito. Zikitofautiana zaidi ya asilimia mbili, ama kipimo cha siku ya kwanza kilikosewa, ama ulichukua sampuli karibu na ganda, ambako maji ni machache siku zote.

Matatizo mengine na chanzo chake

Ganda linapasuka: unyevu wa hewa uko chini ya 78% au kuna upepo. Ufa ukiwa mdogo, ujaze kwa siagi yenye chumvi na upake koti. Ukiwa umefika ndani, kata jibini na uuze mapema.

Ganda linateleza na kunuka: unyevu uko juu ya 90%, au rafu haijakauka. Osha kwa maji ya chumvi, kausha siku moja nje ya chumba.

Jibini gumu lakini lisilo na ladha: lilikaa chini ya 10°C. Maji yalitoka, vimeng'enya vililala. Lipandishe hadi 14°C kwa miezi miwili.

Ladha kali na mwili laini wenye harufu ya amonia: joto lilizidi 16°C na maji yalikuwa mengi. Hakuna la kufanya isipokuwa kulipika.

Katika bei, hesabu uzito uliopotea kabla ya kitu kingine chochote. Kilo 4 zilizobaki 3.5 zimekula 12.5% ya mali, na ili kurudisha fedha ileile kwa kilo chache, bei ya kilo lazima ipande kwa 14.3%, bado hujahesabu rafu, umeme, na saa za kugeuza.